Kuponi: Vikaratasi vya Kupunguza Bei

1. Kuponi ni nini?

Katika masoko ya Kongo mnunuzi na muuzaji hupatana bei. Mama anasimama mbele ya maharagi, anauliza bei, anataja bei yake, kisha wanasikilizana. Akiisha kulipa, muuzaji mwema anachota tena kidogo na kutia katika kikapu chake. Ile ni nyongeza. Kila mtoto aliyetumwa sokoni anaijua nyongeza.

Katika maduka makubwa ya Marekani na Ulaya mambo ni mengine. Bei ya kila kitu imeandikwa. Mwenye kupokea feza hana ruhusa ya kuibadili, hata mnunuzi akimwomba sana. Basi wenye viwanda na wenye maduka walitafuta njia nyingine ya kuwavuta wanunuzi. Njia moja ni kuponi.

Kuponi ni kikaratasi kilichopigwa chapa. Juu yake mna maneno kama haya: «Ukinunua sabuni hii, utapunguziwa dola 1.» Mnunuzi anakikata kikaratasi kile na kwenda nacho dukani. Anachukua sabuni ile ile iliyotajwa. Akifika mahali pa kulipa, anakitoa. Kama bei ya sabuni ni dola 5, yeye atalipa dola 4.

Lakini kuponi si feza. Haiwezi kununua kitu peke yake. Juu ya kuponi nyingi za Marekani imeandikwa, kwa herufi ndogo sana, kwamba bei yake kwa feza ni sehemu 1 ya 100 ya senti. Maana yake, kuponi 100 zingeleta senti 1 tu. Mwenye kutaka dola 1 angeleta kuponi 10,000! Nguvu ya kuponi inaonekana pale tu mtu anapotoa na feza zake mwenyewe. Neno hili lazima likumbukwe mpaka mwisho wa somo.

Ziko pia kuponi za namna nyingine. Wakati wa vita kuu ya pili vyakula vilikuwa haba. Serikali ya Marekani, tangu mwaka 1942, iligawia kila jamaa vitabu vya kuponi za sukari, nyama, mafuta na vitu vingine. Uingereza ilianza mwaka 1940 na kuacha kabisa mwaka 1954. Kuponi zile hazikupunguza bei. Zilimpa mtu ruhusa ya kununua kiasi chake, asichukue sehemu ya mwenzake. Somo hili ni juu ya kuponi za kupunguza bei.

2. Mwanzo wa kuponi

Katika mji wa Atlanta, inchi ya Marekani, aliishi muuza dawa mmoja, jina lake Asa Candler. Mwaka 1886 mtu mwingine wa mji ule, John Pemberton, alikuwa ametengeneza kinywaji kipya kiitwacho Coca-Cola. Candler alikinunua kidogo kidogo mpaka kikawa mali yake. Siku zile bilauri moja ilikuwa senti 5. Lakini watu wengi hawakukijua kinywaji hicho. Nani atatoa senti 5 kwa kitu asichokijua?

Candler alifanya shauri. Karibu na mwaka 1888 vilianza kutolewa vikaratasi vya kumpa mtu bilauri moja bure. Vingine viligawiwa mkononi, vingine vilipelekwa kwa posta. Mtu alikwenda na kikaratasi chake, akanywa, asilipe kitu. Inahesabiwa kwamba kati ya mwaka 1894 na 1913 watu walikunywa bure bilauri karibu 8,500,000.

Je, Candler alipoteza mali yake? Hapana. Mtu aliyekunywa bure mara ya kwanza alirudi mara ya pili na senti 5 zake, tena mara ya tatu na ya kumi. Candler akawa tajiri mkubwa. Kuponi ilimfaa mnunuzi siku moja. Ilimfaa mwenye mali miaka mingi.

Mwisho wa karne ya 19 mwenye kiwanda mwingine, C. W. Post wa Battle Creek, katika jimbo la Michigan, alifuata njia hiyo. Yeye aliuza nafaka zilizopikwa tayari, ambazo watu hula asubuhi pamoja na maziwa. Alitoa kuponi za kupunguza senti 1.

Kisha ikaja shida kubwa. Tangu mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi 1 katika 4 hakuwa na kazi. Mama wa nyumba walihesabu kila senti, wakaanza kukata na kutunza kuponi kuliko zamani. Shida ikapita, lakini desturi ile ikabaki.

3. Stempu za kijani

Mwaka 1896 watu wawili, Sperry na Hutchinson, walianza kazi ya namna nyingine. Walipiga chapa stempu ndogo za rangi ya kijani, zenye gundi nyuma kama stempu za barua. Mwenye duka alizinunua kwao. Mnunuzi aliyelipa senti 10 alipewa stempu 1. Watoto walizilowesha kwa ulimi na kuzibandika katika kitabu. Kitabu kilichojaa kilikuwa na stempu 1,200. Mama alipokuwa na vitabu vya kutosha, alivipeleka na kupokea taa, sufuria, blanketi au kitu kingine.

Watoto wengi wa Marekani walikumbuka ladha ya gundi ile mpaka uzee wao. Walifurahi sana siku ya kupokea taa, wakafikiri kwamba wamepewa bure.

Lakini hesabu ni hii. Kwa kujaza kitabu 1, lazima mama atumie dola 120 dukani. Na mwenye duka hakupewa stempu bure, alizinunua. Feza za kuzinunua alizitoa wapi? Alizitoa katika bei ya mchele, ya sukari na ya sabuni. Basi taa ile ililipwa kidogo kidogo na mama mwenyewe.

Jambo hili lilionekana wazi katika Uingereza. Huko stempu za namna hiyo zilianza mwaka 1958, na maduka ya Tesco yalizigawia wanunuzi tangu mwaka 1963. Mwaka 1977 Tesco waliziacha. Feza zilizokuwa zinanunua stempu walizitumia kwa kupunguza bei za vitu. Je, wanunuzi walikasirika na kukimbia? Sivyo. Walikuja wengi kuliko mbele. Walipenda bei ndogo ya leo kuliko taa ya kesho.

4. Safari ya kuponi moja

Yafaa kujua kuponi inapita wapi, kwa maana mwenye kuijua njia yake hatadanganyika.

Kwanza, mwenye kiwanda cha sabuni anaona kwamba sabuni yake mpya hainunuliwi. Anapiga chapa kuponi maelfu na maelfu. Tangu mwaka 1972 kuponi nyingi za Marekani zilitiwa ndani ya magazeti ya siku ya Mungu, katika kurasa za rangi zilizokunjwa pamoja.

Pili, mama anafungua gazeti, anachukua makasi, anaikata kuponi.

Tatu, mama anaitoa dukani. Zamani mwenye kupokea feza aliisoma kwa macho. Leo mashine inasoma mistari myeusi iliyochorwa juu yake. Mistari ya namna hiyo ilisomwa dukani mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji mdogo wa Troy, jimbo la Ohio, juu ya paketi ya gamu ya kutafuna.

Nne, duka linakusanya kuponi na kuzipeleka kwa watu wenye kazi ya kuzichambua na kuzihesabu. Nyingi hupelekwa ng'ambo ya mpaka, katika inchi ya Meksiko.

Tano, mwenye kiwanda analirudishia duka feza lililompunguzia mnunuzi. Tena anaongeza kidogo kwa ajili ya kazi, kwa kawaida senti 8 kwa kila kuponi.

Basi, nani aliyelipa ile dola 1? Si mwenye duka. Ni mwenye kiwanda. Naye anaihesabu kama feza za kutangaza sabuni yake. Hakuitoa kwa huruma. Aliitoa kwa kutafuta mnunuzi. Hilo si kosa. Biashara ina akili yake. Lazima mnunuzi naye awe na akili yake.

5. Namna ya kutafuta na kutunza kuponi

Mama mwenye akili hutafuta kuponi mahali pengi: katika gazeti, katika vitabu vidogo vilivyowekwa penye mlango wa duka, katika barua zinazoletwa na posta, na ndani ya paketi za vitu alivyokwisha kununua. Jirani wasiotumia kuponi zao humpa yeye. Siku hizi nyingi zinapatikana katika simu.

Kisha anazipanga. Anachukua bahasha chache. Juu ya moja anaandika «Vyakula», juu ya nyingine «Sabuni», juu ya nyingine «Vitu vya mtoto». Kuponi iliyotupwa ovyo katika sanduku haionekani siku ya kutakiwa.

Anasoma kila kuponi mpaka mwisho. Kuponi ina maneno makubwa na maneno madogo. Maneno makubwa yanasema kinachopunguzwa. Maneno madogo yanasema masharti: tarehe ya mwisho, ukubwa wa paketi, na hesabu ya vitu. Pengine kuponi ya dola 2 inataka mtu anunue paketi 3. Pengine tarehe ilipita jana. Asiyesoma maneno madogo ataaibika mbele ya watu penye kulipa.

Tena anangoja siku inayofaa. Duka lenyewe hupunguza bei ya kitu fulani kwa wiki moja. Mama mwenye kuponi ya kitu kile anaitoa wiki ile ile, naye anapata punguzo mara mbili.

6. «Dola 14 ziko wapi?»

Tangu miaka iliyopita wakimbizi wengi wa Kongo wamepokelewa Marekani, na wengi wao husema Kiswahili. Huu ni mfano wa jamaa moja kama hizo. Walitoka Kivu, wakakaa miaka katika kambi, kisha wakapelekwa katika mji mmoja wa jimbo la Kentucky. Baba alipata kazi ya usiku katika ghala. Walikuwa na watoto watano, na wa mwisho alikuwa angali mchanga.

Karibu nao alikaa bibi mzee wa Marekani. Siku moja alimwonyesha mama bahasha zake za kuponi. Mama alifurahi sana. Alisema moyoni: «Kumbe katika inchi hii nyongeza imeandikwa juu ya karatasi!» Bibi mzee akampa kuponi 12.

Jumamosi mama alikwenda dukani. Kuponi 6 zilikuwa za mchuzi wa chupa. Bei yake dola 3, kila kuponi ilipunguza dola 1. Akachukua chupa 6. Kuponi 4 zilikuwa za biskuti. Bei ya paketi dola 4 na senti 50, kila kuponi ilipunguza dola 1. Akachukua paketi 4. Kuponi 2 zilikuwa za dawa ya kunukisha nguo. Bei ya chupa dola 7, kila kuponi ilipunguza dola 2. Akachukua chupa 2.

Alipolipa, mashine ilitoa karatasi ndefu. Chini yake paliandikwa kwamba amepunguziwa dola 14. Mama alirudi nyumbani anaimba.

«Baba watoto,» akasema, «leo nimepata faida ya dola 14!»

Baba alikuwa amekaa mezani na karatasi ya umeme mbele yake. Wiki ile feza za umeme hazikutimia. Zilipungua dola 30. Akainua kichwa na kujibu kwa upole:

«Ni vizuri, mama watoto. Basi dola 14 ziko wapi? Nizitie katika feza za umeme.»

Mama akafungua mfuko wake. Dola 14 hazikuwamo. Akatazama tena ile karatasi ndefu. Akatazama chupa 6 za mchuzi, ambao hakuna mtu nyumbani aliyeupenda. Akakaa kimya.

7. Daftari la binti

Binti yao mkubwa alikuwa akisoma shule. Alileta daftari lake la hesabu, akaketi karibu na mama yake.

«Mama, usisikitike,» akasema. «Tuandike tu.»

Aliandika hivi:

Mchuzi: chupa 6, dola 2 kila moja = dola 12.
Biskuti: paketi 4, dola 3 na senti 50 kila moja = dola 14.
Dawa ya nguo: chupa 2, dola 5 kila moja = dola 10.
Jumla: dola 36.

«Mama, kama usingekuwa na kuponi, ungenunua mchuzi huu?»

«Hapana, mwanangu.»

«Na biskuti? Na dawa ya nguo?»

«Hapana. Nguo nazianika juani, zinanukia vizuri.»

«Basi hatukupata dola 14. Tumetoa dola 36.»

Kama zile dola 36 zingalibaki nyumbani, feza za umeme zingalitimia na dola 6 zingalisalia. Mama alielewa. Wala hakutupa bahasha zake. Alibadili mpango. Tangu siku ile aliandika kwanza vitu vilivyotakiwa nyumbani. Orodha ikiisha, ndipo alifungua bahasha na kutafuta kuponi za vitu vile. Kuponi isiyopatana na orodha ilibaki ndani, au ilipewa jirani.

Tena alijifunza kulinganisha. Alikuwa na kuponi ya dola 2 ya sabuni ya unga yenye jina kubwa. Bei yake ilikuwa dola 9. Kwa kuponi ingekuwa dola 7. Lakini karibu nayo palikuwa na sabuni nyingine, uzito ule ule, dola 5. Mama alichukua ile ya dola 5, akaiacha kuponi yake. Siku nyingine kuponi ilishinda. Mafuta ya kupikia, chupa kubwa ya kilo 2, yalikuwa dola 8. Chupa ndogo ya kilo 1 ilikuwa dola 5. Mama alikuwa na kuponi 2 za chupa ndogo, kila moja dola 1 na senti 50. Chupa ndogo 2 zikamgharimu dola 7. Kilo zile zile 2, na dola 1 ikabaki.

Wiki ile binti aliandika:

Mafuta: dola 8 zikawa 7. Faida dola 1.
Dawa ya meno: dola 6 zikawa 4. Faida dola 2.
Nepi za mtoto mchanga: dola 10 zikawa 6, kwa maana duka lenyewe lilipunguza dola 2 na kuponi ikapunguza dola 2. Faida dola 4.
Jumla ya faida: dola 7.

Dola 7 ni chache kuliko 14. Lakini dola hizi 7 zilionekana kwa macho. Mama alizitia katika kopo juu ya kabati, mbele ya watoto wote. Wiki iliyofuata alitia dola 3. Ya tatu dola 9. Wiki ya nne hakuna kuponi iliyopatana na orodha, akatia 0, wala hakuona haya. Kisha akatia dola 6, dola 8, dola 5 na dola 8. Baada ya wiki 8 kopo lilikuwa na dola 46.

Majira ya baridi yalikuwa karibu. Kwa feza zile baba alimnunulia mtoto wa pili viatu vya baridi, kwa maana vile vya zamani vilikuwa vimetoboka. Mtoto yule alijua viatu vyake vimetoka wapi. Vilitoka katika makasi, bahasha na daftari.

8. Kuponi za simu na kuponi za uwongo

Siku hizi kuponi za magazeti zimepungua. Maduka mengi huziweka katika simu. Mnunuzi anaichagua kuponi juu ya simu yake, na penye kulipa mashine inapunguza bei. Kazi ya makasi imekwisha. Lakini wazee wengi na maskini wengi hawana simu ya namna hiyo, au hawajui kuitumia. Wao hulipa bei kubwa kwa kitu kile kile. Mwaka 2025 mji wa San Diego, katika jimbo la California, uliweka sheria: duka likitoa punguzo katika simu, sharti litoe punguzo lile lile kwa karatasi pia kwa mtu anayeliomba.

Tena simu ina shauri lake. Inakumbuka kila kitu mtu anachonunua. Mwenye duka anajua nani anapenda biskuti, naye atampelekea kuponi za biskuti. Mnunuzi ajue kwamba anatazamwa.

Watu wengine wabaya hutengeneza kuponi za uwongo. Wanafikiri: «Ni kikaratasi tu, si wizi.» Lakini kila kuponi inalipwa na mtu. Kuponi ya uwongo ikipita, mwenye kiwanda au mwenye duka amenyang'anywa feza zake. Mwaka 2021 mahakama katika jimbo la Virginia ilimhukumu mwanamke mmoja miaka 12 gerezani. Alikuwa ametengeneza na kuuza kuponi za uwongo, na hasara yake ilipita dola 31,000,000. Kikaratasi ni kidogo, lakini wizi haukuwa mdogo.

9. Mambo ya kushika

Katika Kongo magazeti hayana kuponi kama zile za Marekani. Lakini mashauri ya wenye biashara ni yale yale mahali pote. Muuzaji anaita: «Nunua tatu, nikupe moja!» Kampuni ya simu inaahidi nyongeza kwa mwenye kununua vizio vingi. Nyongeza ni nzuri kwa mtu aliyehitaji kitu kile. Kwa asiyekihitaji, nyongeza ni mlango wa kutoa feza.

Kwa hiyo mtoto aliyetumwa sokoni ashike mambo haya matano:

Kwanza, andika orodha kabla ya kutoka nyumbani.
Pili, tafuta punguzo la vitu vya orodha, usitafute vitu vya punguzo.
Tatu, soma maneno madogo na tarehe.
Nne, linganisha bei na uzito. Bei iliyopunguzwa si kila mara bei ndogo.
Tano, faida iliyopatikana iwekwe kando siku ile ile, tena iandikwe.

Wazee walisema: «Haba na haba hujaza kibaba.» Walisema pia: «Mali bila daftari hupotea bila habari.» Methali ya kwanza inajaza kopo. Ya pili inalilinda.

Maana ya maneno

Bahasha: mfuko wa karatasi wa kutilia barua.
Masharti: mambo yanayotakiwa kabla ya kupewa kitu.
Orodha: majina ya vitu yaliyoandikwa kwa kufuatana.
Punguzo: kiasi kilichotolewa katika bei.
Vizio: feza zinazotiwa katika simu kwa ajili ya kusema.

Maulizo

1. Nyongeza ya sokoni na kuponi zinafanana namna gani? Zinaachana namna gani?
2. Kuponi za wakati wa vita zilikuwa na kazi gani?
3. Kwa nini Asa Candler hakupata hasara alipotoa kinywaji bure?
4. Nani aliyelipa taa iliyopokelewa kwa stempu za kijani? Eleza.
5. Mwenye kiwanda anarudisha feza gani kwa duka?
6. Baba aliuliza: «Dola 14 ziko wapi?» Jibu lake ni nini?
7. Kwa nini mama aliacha kuponi yake ya sabuni ya unga?
8. Kwa nini kuponi ya uwongo ni wizi?

Hesabu

1. Stempu 1 hutolewa kwa senti 10. Kitabu kina stempu 1,200. Mama anatumia dola 15 kila wiki. Kitabu kitajaa baada ya wiki ngapi?
2. Duka lilipokea kuponi 250 za dola 1. Mwenye kiwanda anarudisha dola 1 na senti 8 kwa kila kuponi. Duka litapokea feza ngapi?
3. Paketi ya sukari ya kilo 1 ni dola 2. Paketi ya kilo 5 ni dola 8. Mama ana kuponi 1 ya senti 50 kwa paketi ndogo. Anahitaji kilo 5. Je, anunue paketi gani? Onyesha hesabu yako.
4. Andika orodha ya vitu vitakavyonunuliwa nyumbani wiki hii, pamoja na bei zake. Mwonyeshe mama, mkatafute pamoja kitu kimoja kinachoweza kuachwa.